Mida, kiharusi, na upinde wa mvua nilioudhania ujumbe

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayemuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani. Kila anayemtembelea humwambia Mungu ni mwema, naye huitikia "kila wakati", lakini moyoni hasikii kitu. Nilikuwa mtu huyo. Siku hizi watu huniona nimekaa kando ya mikoko asubuhi na daftari mkononi, wakadhani nimekuwa mwongozaji watalii.

Kwetu ni baina ya Gede na hori la Mida, kaunti ya Kilifi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mikoko ni mwendo mfupi, maji ya chai hayajachemka umefika. Hata hivyo niliishi hapo miaka mingi bila kwenda kuangalia. Pwani kwangu palikuwa mahali samaki wanakotoka, na mikoko ilikuwa boriti. Mume wangu ni fundi wa mbao. Mimi nilikuwa napika mahamri na mbaazi za nazi, nikauza kando ya barabara ya Malindi kuanzia alfajiri. Maisha hayakuwa mabaya.

Kusi lilikuwa limeanza kuvuma aliposhikwa. Aliamka akanyoosha mkono kuchukua shati, mkono ukakataa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno yalimtoka kama ya mlevi, naye hajawahi kunywa. Hapa niseme jambo ambalo sitalisema kwa upole: tulipoteza karibu siku nzima. Jamaa wawili waliofika kwanza walisema ametupiwa kitu, aitwe mtu wa kumsomea. Mwingine akasema ni upepo, apakwe mafuta. Mimi nilisimama katikati nikitetemeka, nikawaachia wakubwa waamue. Ukimwona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, ulimi mzito, tafuta gari saa hiyo hiyo, hata likiwa la kubebea nazi. Dawa zinazoweza kuzibua mshipa wa damu ulioziba zina saa chache tu za kufanya kazi, na hospitali nyingine hazina mashine ya kupiga picha ya kichwa, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka nyumbani ni ipi iliyo nayo. Maombi yafanyikie ndani ya gari.

Aliporudishwa nyumbani upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamempotea. Alinijua, alielewa mengi, ila akitaka kusema "maji" alisema "msumari", kisha akalia kwa hasira. Ilibidi nijifunze kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asitoke vidonda vya kulalia. Nilijifunza kumlisha akiwa ameketi wima, kwa kijiko kidogo, maana uji ukipita njia ya pumzi unaleta nimonia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akitoza shilingi 1,500 kila anapokuja. Nepi za watu wazima zilikula fedha kuliko dawa. Tuliuza mbuzi, tukauza randa ya umeme, na siku randa ilipobebwa alinigeuzia uso ukutani mpaka jioni. Biashara ya mahamri ilikufa yenyewe, kwa kuwa saa ya kukanda unga ndiyo saa ya kumwogesha mgonjwa.

Kisha binti yetu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na hapo ndipo mkoko ulipoalika maua. Niliacha kulala hata ile nafasi ndogo niliyokuwa nayo. Wenzangu wa Umoja wa Akina Mama walikuja, waliimba, waliacha unga na sukari, Mungu awabariki. Lakini walipotoka nilikuwa nabaki na aya zao kama mtu aliyeachiwa noti za nchi nyingine. Thamani inayo, dukani haipokelewi. Nilijua kwa kichwa kwamba Baba wa mbinguni anatujali. Niliweza kukufundishia kipindi kizima cha Jumapili juu ya jambo hilo. Ila nilikuwa sioni.

Aliyenitoa nyumbani si mtu wa kanisa. Ni jirani yetu, bibi mmoja Mwislamu anayeishi kwa kuvua kaa kwenye mikoko kwa kijiti chenye ncha ya chuma. Alikuja jioni moja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya mkeka akanitazama kimya. Akasema, "Mwanangu, utamtangulia mgonjwa wako. Kesho maji ya asubuhi yamekupwa. Mwache mwanao na babake, tufuatane." Nikamwambia sina nafasi. "Sikukuuliza nafasi," akasema.

Nilikwenda kwa kumheshimu tu. Nilikuwa nimevaa kandambili, tope likaimeza moja kabla hatujafika mbali.

Bibi hasemi sana akifanya kazi. Alikuwa akitazama mashimo, mimi nikawa sina la kufanya ila kutazama. Kitu cha kwanza kilichonishika ni jani. Alichuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, akaniambia nilirambe upande wa juu. Lilikuwa chumvi tupu, punje zake zinaonekana kwa macho. Mchu hunyonya maji ya bahari, kisha hutoa chumvi kwenye majani yake, ukiupita asubuhi unang'aa. Chini yake mizizi imechomoza topeni kama misumari iliyogeuzwa, nayo ni ya kupumulia, kwa sababu tope lile halina hewa. Nilikaa nikafikiri: huu mti umepewa maji ambayo mwingine yangemuua, ukapewa na njia ya kuishi nayo. Haukupewa maji matamu. Sikupata faraja kubwa hapo. Nilipata tu kitu cha kufikiria nikiwa namgeuza mume wangu usiku, kisichokuwa karo wala nepi, na kwa mtu aliyekuwa kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Nikaanza kwenda, siku nyingine na bibi, siku nyingine peke yangu. Mtoto alikuwa akikaa na babake kwa muda mfupi tu. Hapa nitoe ushauri wa kwanza: usitafute siku nzima ya mapumziko, maana haitakuja, nawe utakasirika kuingoja. Tafuta nusu saa, na mahali pamoja, pale pale kila mara. Mtu anayebadilisha mahali kila siku anaona mandhari. Anayerudi pale pale huanza kuona kilichobadilika. Simu iache nyumbani. Nilijaribu kwenda nayo na nikajikuta napiga picha za jua ili niziweke mtandaoni na aya ya Biblia chini yake, huku hilo jua lenyewe sikuliona.

Bibi alinifundisha maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, bahari huja juu na kurudi mbali sana, na kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Nusu mwezi ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu kama mgonjwa anayejigeuza. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Nilikuwa nimeishi kando ya saa hiyo kubwa maisha yangu yote bila kuisoma. Katika kitabu cha Ayubu Mungu anaiambia bahari, "Utafika mpaka hapa, lakini hutapita." Nilikuwa nimeisikia aya hiyo ikisomwa tangu utotoni. Sasa nilisimama pale mstari wa takataka za bamvua ulipoishia, nikaona kwamba "hapa" ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Juu ya mstari huo kulikuwa na mchicha pori. Hatua tatu chini yake, kaa.

Hao kaa wadogo wa topeni, wenye gando moja kubwa na jingine dogo, hutoka maji yakipwa wakala, na maji yakikaribia kurudi huingia shimoni wakaziba mlango kwa tope. Niliwapenda kwa sababu walikuwa na shughuli kama mimi.

Halafu kuna mche wa mkoko. Miti mingi huangusha mbegu ikajitegemea yenyewe. Mkoko huioteshea mbegu juu ya mti, ikaning'inia kama ganda refu la kunde, mama anailisha miezi kadhaa, na inapoanguka tayari ni mmea. Wakati wa kupwa huchoma topeni ikasimama palepale. Maji yakiwa yamejaa huelea, ikasafiri huko na huko, na inaweza kuishi baharini muda mrefu kabla ya kupata tope la kushikia. Binti yangu nilimwonyesha miche hiyo wakati hana karo. Sikumwambia somo lolote. Alichukua mitatu akaipanda karibu na njia, miwili ikafa.

Mwishoni mwa Septemba kusi likalegea na ndege wakaanza kufika. Tuna vitwitwi hapa ambao uzito wao hauzidi gramu 60 kwa kukadiria, mdomo umepinda kidogo kuelekea chini, nao wamezaliana Siberia, kaskazini kabisa, mahali ardhi yake huganda. Wanakuja Mida kula minyoo ya topeni mpaka Aprili. Wapo wengine weupe kwa weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo, kazi yao kula kaa. Wanatoka pwani za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Mume hushirikiana na mke kuchimba shimo refu mchangani, na humo hutaga yai moja, basi. Kijana mmoja anayewaongoza wageni kwenye daraja la mbao alinionyesha jambo ambalo nisingeligundua: makinda ya ndege hao huja Mida na wazazi wao, yakiwa makubwa, yanaruka vizuri, yamevuka bahari yenyewe, na bado yanamfuata mzazi yakilia kuomba kaa. Na mzazi anayapa. Kaa ni mgumu kuvunja, ufundi wake hausomwi kwa siku moja, kwa hiyo mzazi anaendelea kulisha hata huku ugenini.

Siku niliyoliona jambo hilo nilitoka nyumbani nimemlisha mume wangu kwa kijiko, mtu mzima mwenye ndevu, mtu aliyenijengea nyumba. Nilikuwa nimechukia kumlisha, na yeye alikuwa amechukia kulishwa. Nilikaa nikawatazama wale ndege mpaka maji yakanifikia miguuni. Sikusikia sauti yoyote. Nilirudi nyumbani nikampa chakula cha mchana, na mkono wangu ulikuwa mpole zaidi. Ushuhuda wangu wote juu ya utunzaji wa Mungu ningeweza kuuishia hapo, ila kuna sehemu mbaya inayofuata, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Novemba, mvua za vuli. Jioni moja mvua ilikatika ghafla na upinde ukasimama juu ya hori, rangi zote zimekolea. Nilikuwa nimetoka kuomba kwa machozi kwamba mume wangu asimame. Nikasimulia kwenye ushirika wa nyumbani. Dada mmoja akashika kichwa, akasema, "Mama, hiyo ni ishara yako. Kabla ya Krismasi anatembea." Watu wakashangilia. Nami nilitaka sana iwe hivyo. Nikaanza kuishi kwa hesabu hiyo. Kila nilichokiona nilikisoma: kipanga akipita kushoto, hapana, kipepeo akitua dirishani, ndiyo. Dudumizi akilia, mvua inakuja, na mvua ni baraka, basi ni ndiyo. Mtaalamu wa mazoezi nilimpunguza, kwa kuwa fedha hakuna na muujiza uko njiani.

Wiki ya pili ya Desemba alishikwa tena. Hakikuwa kikubwa kama cha kwanza, lakini alilazwa, na kidogo alichokuwa amekipata mguuni kikapungua. Krismasi niliila wodini, pilau la kuletewa katika kibakuli.

Sitaeleza sana nilivyokasirika. Sikwenda kwenye mikoko mwezi mzima na zaidi. Niliona viumbe vyote vimenidanganya, na aliyeviumba pia. Kasisi wetu alipokuja nikamwambia wazi. Sikupenda jibu lake wakati ule. Aliniambia nifungue Mwanzo 9 nisome yote, tena kwa sauti. Upinde ule ni ishara ya agano kati ya Mungu na nchi, na kila kiumbe hai, kwamba gharika haitaiangamiza dunia tena. Aliniuliza, "Mama, ni wapi hapa pametajwa mguu wa mzee?" Nilitaka kumfukuza.

Ilinichukua muda kukubali kwamba alikuwa sahihi, na kwamba nilichokuwa nakifanya, sisi watu wa pwani tunakijua vizuri, kina jina lake. Ni ramli. Anayepiga bao kwa kete na anayepiga bao kwa vipepeo wanatafuta kitu kimoja, kujua kesho. Mimi nilikuwa naidharau ile ya mganga huku naifanya yangu kwa jina la Yesu. Viumbe havikuwekwa ili vitoe majibu ya ndiyo na hapana juu ya mambo yangu. Vinanikumbusha yale ambayo Mungu ameshayasema, yaliyomo katika Neno lake tayari: kwamba yeye ndiye aliyefanya, analisha, anaweka mipaka, anaona. Upinde ungenikumbusha kwamba dunia inashikiliwa, na hilo lilikuwa kweli Novemba na lilikuwa kweli wodini. Mimi ndiye niliyeuongezea maneno. Siku hizi nikisikia mtu kanisani anasema ndege ametua begani kwake kwa hiyo mkopo utapita, naomba udhuru nikatazame chungu.

Nilirudi kwenye mikoko mwishoni mwa Januari, na safari hii nikaenda na Zaburi ya 104, kipande kidogo kila siku. Nakupendekezea hiyo kuliko zote, kwa sababu haikupambii mambo. Wana-simba wananguruma wapate mawindo, na huyo anayewindwa pia ni kiumbe wa Mungu. Viumbe vyote vinamngoja awape chakula kwa majira yake, kisha mistari miwili mbele anaiondoa pumzi yao, wanakufa. Mambo yote mawili yamo katika zaburi moja ya sifa. Nilihitaji kitabu kinachojua kwamba mwewe anakula makinda. Bwana Yesu naye aliposema juu ya mashomoro hakusema hawaanguki; alisema hakuna aangukaye Baba asijue. Kwa mtu aliyekuwa wodini Krismasi, tofauti hiyo si ndogo. Na ukame tumeuona, ng'ombe wakifa upande wa Ganze mpaka harufu inafika barabarani. Anayekuambia uende ukaone wema wa Mungu katika maumbile akakuonyesha maua peke yake, hajakaa nje vya kutosha.

Niweke na hili la kunguru, kwa kuwa wameniibia mahamri miaka mingi. Torati katika Walawi 11 inamweka kunguru kati ya ndege walio machukizo. Halafu Bwana, akitaka kutufundisha kutojisumbua, kwa mujibu wa Luka anasema wafikirini kunguru. Ni kunguru pia waliomlisha Eliya kwenye kijito cha Kerithi. Angeweza kumtuma njiwa. Wale kunguru weusi waliojaa Mombasa na Malindi ni wageni walioletwa na watu kutoka Bara Hindi, wanaharibu viota vya ndege wengine, na serikali imewahi kuwatilia sumu, sisemi tuwapende. Nasema nikimwona mmoja juu ya jalala anakula, ameshiba, nakumbuka nani anamlisha, nami si mbaya kuliko yeye.

Katika habari ya Eliya kuna jambo jingine linalopitwa haraka. Alipokata tamaa chini ya mti jangwani akaomba afe, hakupewa somo kwanza. Alilala. Malaika akamwamsha akampa mkate na maji, akala, akalala tena. Sauti ilikuja baadaye sana. Nilipokwenda kuchukua dawa za mume wangu, muuguzi alinitazama akanipima presha mimi, ikawa juu kuliko ya mgonjwa. Nilikuwa nikijiona nimepungukiwa imani. Kumbe nilikuwa nimepungukiwa usingizi na dawa. Ukiwa mlezi wa mgonjwa, pimwa. Mwambie daktari kama hulali, kama unawaza kufa, usimfiche kwa kuogopa ataiona imani yako ndogo. Mikoko haitibu presha.

Mume wangu je? Mtaalamu wa mazoezi alituambia tumrudishie maneno kupitia vitu anavyovijua. Nilikuwa namwonyesha picha za kitabu cha chekechea, tembo, mpira, naye alikuwa akinitazama kwa dharau. Siku moja nilirudi na majani na vipande vya vijiti vya aina mbalimbali za mikoko mfukoni, nikaviweka mapajani mwake bila kuwaza. Akakichukua kimoja kwa mkono wa kushoto, akakinusa, akakwaruza gome kwa ukucha. Akasema, "Mkandaa." Waziwazi. Mtu ambaye hakuweza kusema maji! Nikampa kingine, akasema, "Mkomafi," na uso wake ukawa wa fundi aliyeulizwa swali la kijinga. Mti wa mkomafi ni mbao nzuri ya mashua, yeye anaujua kwa harufu. Tokea siku hiyo kazi yangu ikawa kumletea vitu: mlilana, ganda la kaa, unyoya. Jina moja lilivuta jingine. Haikuwa haraka, na yapo maneno ambayo hayajarudi mpaka leo, jina langu akiwa amechoka likiwemo.

Tulipopata kiti cha magurudumu cha kuazima tulianza kumpeleka. Njia ina mchanga, kiti kinazama, vijana wawili wa boda walitusaidia kukibeba pale panaposhinda. Mara ya kwanza alikataa kukaa zaidi ya dakika chache, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya furaha, nikarudi nimenuna. Usimlazimishe mgonjwa apate anachokipata wewe. Yeye ndege hawamhusu. Anapenda kukaa pale mitumbwi inapokarabatiwa akosoe kazi za watu kwa neno moja moja.

Aprili vitwitwi wakabadilika rangi, kifua kikawa chekundu kama matofali, wakala mchana na usiku wakanenepa, na kusi lilipoanza kurudi walikuwa wameondoka. Nilikwenda nikitarajia kukuta hori tupu. Walikuwapo wachache bado, wamebaki na manyoya yao ya kijivu. Yule kijana wa darajani akanieleza kwamba wadogo wa mwaka wa kwanza wengi hawasafiri, hubaki hapa majira yote ya kusi mpaka wenzao warudi. Tope linawalisha vilevile. Nilikuwa nimezoea kusikia ushuhuda wa walioruka. Kanisani kwetu anayepewa kipaza sauti ni aliyepona, aliyepata visa, aliyejenga. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya waliobaki, na bado unga haukuwahi kutuishia kabisa, ingawa kuna siku tulikula mchicha pori wa pwani na chumvi yake ile ile.

Kama huna bahari karibu, huna haja ya nauli ya kuja kwetu. Dada yangu anaishi Mombasa, Likoni, chumba kimoja, na mbele ya mlango wake kuna mnazi mmoja wenye viota vya kwera. Nilimwambia auangalie huo. Sasa ananipigia simu kunieleza ni dume gani amejenga vizuri na jike limemkataa nani. Andika mstari mmoja kwa siku, tarehe na ulichokiona, usiandike ulichojifunza. Majina waulize wanaoishi kwa kazi hiyo, wavuvi, wakata kuni, akina mama wa kaa, wanajua kuliko sisi wa vitabuni. Na ukimtembelea anayeuguza mtu, kabla hujamsomea aya, mwambie wewe utakaa na mgonjwa, yeye atoke. Bibi jirani yangu hakunisomea kitu.

Wanaotaka kuja Mida waje kati ya Oktoba na Machi. Watamu kuna kituo cha A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la uhifadhi, watu wanaowavisha ndege pete na kuomba asubuhi, kama unataka kujifunza kwa utaratibu. Angalieni jedwali la maji kwanza: mkifika maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege watakuwa mbali mno, mtaona vidoa tu. Fikeni wakati yanapoanza kujaa, yatawasukuma kuja kwenu. Vaeni viatu vya kufunga. Mkimkuta mzee mwenye mkongojo karibu na mitumbwi, msimwulize juu ya ndege.